Tulivyomficha Mzee Wambua Kifo cha Jagat

Nakumbuka Alhamisi moja ya Novemba, mwanangu, nilipokuwa na umri kama wako wa sasa, nimesimama kwenye korido ya nyumba moja ya Edmonton, hapa London, nimeshika simu sikioni, na nyuma yangu mzee ananiuliza, "Nani huyo, Akinyi?" Nikamjibu bila kugeuka, "Wamekosea namba, Mzee." Nimeishi na maneno hayo zaidi ya miaka ishirini. Keti nikusimulie. Ukitaka kunijibu kwa Kiingereza, nijibu tu, nimeshazoea. Lakini kusikiliza, sikiliza kwa Kiswahili, maana watu ninaotaka kukueleza walipendana kwa lugha hii.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kila asubuhi nilikuwa nakwenda kumtunza Mzee Wambua, Mkamba aliyeletwa London na binti yake Mumbua baada ya kufiwa na mkewe. Mumbua alikuwa nesi, shifti zake hazikuwa na mpango, na mzee alikuwa na moyo mgonjwa. Nilimwogesha, nikampikia uji, nikampa vidonge, nikamkalisha dirishani aone mabasi yakipita. Hakupenda mabasi. Alipenda kitu kimoja tu duniani, nacho kilikuwa mpira wa magongo.

Kabla ya kumjua Mzee Wambua sikuwa na habari kwamba Kenya iliwahi kuogopwa katika mchezo huo. Ujanani alikuwa mtunza uwanja Nairobi. Ndiye aliyefyeka nyasi, aliyejaza mashimo, aliyechora mistari ya chokaa alfajiri kabla ya umande kukauka. Wachezaji wengi siku hizo walikuwa Makalasinga, watoto wa mafundi wa reli na maseremala, waliozaliwa Ngara na Pangani, wenye Kiswahili cha mtaani. Na aliyewapita wote alikuwa Jagat.

Sikuwahi kumwona Jagat akicheza. Lakini niliwasikia watu wakimwelezea mara nyingi hata nikawa namwona. Walisema mpira ulimfuata kama mbwa anayemjua mwenye nyumba. Walisema hakukimbia, alitembea haraka, na wengine wote wakaonekana wamelewa. Baadaye alihamia London kama wenzake, akaishi Southall, akafanya kazi ya kupakia vyakula vya ndege karibu na uwanja wa ndege mpaka akastaafu. Alipopita barabarani, wanaume wazima walitoka madukani kumshika mkono, kisha wakarudi kupima vitambaa wakitabasamu peke yao.

Mtu huyo, mwanangu, kila Jumapili saa nane mchana alimpigia simu Mzee Wambua. Nilikuwa nasikia kila kitu, maana wote wawili walikuwa wazito wa masikio.

"Wewe mchimba mashimo, bado uko hai?"

"Nipo, kalasinga. Nangoja ufe kwanza, nije nikuchoree mistari."

"Mistari yako ilikuwa imepinda kama mguu ya bata!"

"Ilipinda ikufuate wewe, maana hukujua kwenda sawa."

Walitukanana hivyo saa nzima, na mzee akimaliza alikuwa na rangi mpya usoni. Siku ya Jumapili alinitaka nimvalishe shati safi, lenye kola, ili azungumze na simu.

Kulikuwa na jambo moja kati yao ambalo washabiki wengi hawakulijua. Mzee Wambua ndiye aliyefunga mpini wa gongo la Jagat. Alichana kitambaa cha pamba vipande virefu, akavilowesha kidogo, akavizungusha kwenye mpini kuanzia chini kwenda juu huku akivuta kwa meno, mpaka ukawa haupindi wala hautelezi. Jagat hakuingia uwanjani na gongo lililofungwa na mtu mwingine. Na kabla ya mechi, wakati wa kufunga, mzee alimnong'oneza kila mahali ambapo mpira ungeruka, maana kila tuta na shimo la ardhi ile alilijua kwa unyayo wake. Hiyo ilikuwa siri yao. Sifa zilikuwa za Jagat, na mzee hakuona kasoro yoyote hapo.

Jagat alifariki Jumamosi, ghafla, akiwa mezani kwake. Habari zilimfika Mumbua kazini. Aliporudi nyumbani aliniita jikoni, akafungua bomba la maji ili sauti isitoke, akaniambia.

"Tusimwambie," alisema. "Unajua daktari alisemaje. Moyo ule hautaki mshtuko."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apate nguvu kidogo. Nyumbani tungefanyaje, Akinyi? Si tungengoja?"

Nilikubali upesi, na sikukubali kwa woga; nilikubali kwa fahari. Kwetu habari ya kifo haitupwi mbele ya mtu kama ganda la ndizi. Ukifiwa huambiwi umefiwa. Unaambiwa mama anakuhitaji nyumbani. Unafika, unakuta viti vimepangwa uani na wanawake wameketi chini, nawe unaelewa mwenyewe. Mgonjwa hafungui barua mpaka apone. Nilikuwa nimewaona wauguzi wa hapa wakimwambia mtu habari nzito wakiwa wamesimama, kisha wakampa karatasi ya kusoma, nami nikajisemea kwamba hawa hawakulelewa. Sisi tuna utu, nilijisemea. Sisi tunajua kumbeba mtu.

Nilichosahau ni kwamba nyumbani maziko yanamngoja mtu. Maiti hulala wiki moja, mbili, hata zaidi, mpaka wa mwisho afike. Hapa chumba cha kuchomea maiti kinakupa nusu saa, na baada yako kuna familia nyingine imesimama mlangoni na maua yake. Tulichukua desturi iliyotengenezwa kwa ajili ya kungoja, tukaileta mahali ambapo hakuna anayengoja.

Jumapili ilipofika mzee alivaa shati lake. Saa nane ikapita. Mumbua akamwambia Jagat amekwenda Birmingham kumwona mjukuu.

"Birmingham hakuna simu?" mzee akauliza.

Akanyoosha mkono apige mwenyewe. Nilikuwa nimeshauchomoa waya ukutani. Alibonyeza namba taratibu, moja moja, akasikiliza ukimya, akarudisha simu mahali pake kwa adabu kama mtu aliyekuta mlango umefungwa. Hakuvua shati lile mpaka jioni. Jumatatu tuliurudisha waya, kwa sababu kazini kwa Mumbua walikuwa wakimtafuta.

Basi, Alhamisi. Mazishi yalikuwa siku hiyo, saa sita. Mumbua alikuwa akioga. Yeye angebaki na mzee, mimi niende Southall kuwakilisha nyumba. Nilikuwa tayari nimevaa koti, na kitambaa cheupe cha kichwani nimekiweka kwenye mkoba. Simu ikalia, nikaiwahi. Alikuwa Kuldip, mtoto wa Jagat. Kiswahili chake alikirithi kwa baba yake, vipande vipande, lakini siku ile kila neno lilifika.

"Mzee yuko? Baba alituachia neno. Alisema kabla hajaingia motoni, Wambua afunge gongo yake mara ya mwisho. Gongo ninayo hapa, kitambaa pia. Mimi nakuja na gari kumchukua, sasa hivi."

Mzee alikuwa hatua tano nyuma yangu, kwenye kiti chake, macho wazi.

"Amelala," nikasema kwa sauti ya chini. "Ana homa."

"Naweza kungoja. Tunatoka nyumbani saa tano na nusu. Hadi hapo naweza kungoja."

Mwanangu, hapo ndipo ningeweza kuiokoa siku ile. Ningegeuka tu, nikampa mzee simu. Nilikuwa najua sasa kwamba hatumfichi habari peke yake, tunamficha na kazi aliyoachiwa na rafiki yake, kazi ambayo hakuna mkono mwingine ungeweza kuifanya. Nililijua hilo waziwazi. Nikasema, "Usimngoje."

Kisha mzee akauliza nani huyo, nami nikamjibu nilivyomjibu.

Nilipofika Southall, baada ya treni mbili na basi, watu walikuwa wamejaa nje ya jengo la kuchomea maiti kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Sikuona jeneza. Niliona moshi tu, au nilidhani ni moshi. Mawingu yalikuwa chini sana siku ile. Baadaye tulikwenda sote gurdwara, hekalu la Makalasinga, tukavua viatu mlangoni, tukaketi chini ukumbini katika mistari mirefu, tukagawiwa dengu na chapati kwenye sahani za chuma. Na hapo washabiki wa Jagat wakaanza kumkumbuka.

Walikuwa wazee watupu. Makalasinga wenye vilemba vyeupe, Wagoa wawili waliovaa tai za klabu zilizofifia, Mjaluo mmoja aliyekuwa mwamuzi, na wanawake waliowahi kuuza chai na sambusa kando ya uwanja. Wote walikuwa wamezeeka London, lakini siku ile walizungumza Kiswahili kwa sauti kubwa, kama watoto waliotoka shule.

"Mimi nimeona na macho yangu. Alipita watu saba."

"Saba? Umehesabu na refa?"

"Refa nilikuwa mimi," akasema yule Mjaluo, "na alinipita pia. Hesabu nane."

Wakacheka, kisha wakajifuta macho kwa vitambaa vya mikononi. Mmoja akasema goli alilofunga baada ya kuwapita watu hao alilipiga akiwa amepiga goti. Mwingine akaapa kwamba hakupiga goti, mpira uliruka wenyewe mahali fulani kushoto, naye alikuwa anajua utaruka. Alijuaje? Hakuna aliyejua. Wakabishana mpaka mmoja akasema, "Muulizeni Wambua. Wambua anakumbuka kila kitu. Yuko wapi Wambua?"

Wote wakanigeukia.

"Ni mgonjwa," nikasema.

Kuldip alikuwa ameketi mbele yangu. Hakula. Alisema polepole, akiitazama sahani, "Tulimweka Baba na gongo bila kufungwa. Mimi nimejaribu kuifunga mwenyewe kwenye gari. Kitambaa ilikuwa inateleza. Nikaitoa."

Hakunilaumu. Hakuwa na sababu ya kunilaumu, maana aliniamini.

Nilinyanyuka, nikaenda mlangoni kwenye rafu za viatu, nikaketi hapo chini kutafuta pumzi. Mwanamke mmoja mzee alinifuata. Alikuwa Mama Harbans, mmoja wa wale waliouza chai uwanjani, mfupi, mwenye ushungi mweupe na soksi nene za mwanaume. Aliketi kando yangu kwa shida, magoti yakilia.

"Wambua hana homa," akasema.

Nikaanza kutafuta viatu vyangu kwenye rafu.

"Hajui. Nyinyi hamkumwambia."

"Moyo wake, Mama. Daktari alisema…"

"Wewe nadhani moyo yake ni ya gilasi? Huyo mtu amezika bibi yake, amezika watoto wawili, ameacha nchi yake. Wewe msichana wa juzi ndiye utaamua yeye analia lini?"

Aliyasema bila kupandisha sauti, huku anapanga viatu vya watu vilivyokuwa karibu naye, kimoja kwa kingine. Kisha akaniambia jambo lililonikaa. Mwaka wake wa kwanza hapa London, akiwa na mimba, mama yake alifariki Nairobi, na mumewe akamficha kwa ajili ya mtoto. Alikuja kuambiwa baada ya miezi mitatu.

"Miezi mitatu nilikuwa nacheka," alisema. "Nilikwenda sinema. Nilikuwa naandika barua, 'Mama, nitumie hina,' na mama yangu ameshakuwa majivu. Mpaka leo sikumbuki mama yangu alivyokufa. Nakumbuka ile sinema. Bwana yangu alikuwa mtu mzuri, na sikumsamehe. Haya, vaa viatu. Nenda mwambie leo. Kesho itakuwa uongo mpya."

Nilifika Edmonton kama saa kumi. Mumbua alinifungulia mlango, akanitazama usoni, akaelewa. Hakunizuia. Nilisahau kuvua kitambaa cheupe. Nilipiga magoti mbele ya kiti cha mzee nikashika mikono yake, nikasema, "Mzee, Jagat ametutoka."

Hakushtuka. Moyo ule tuliouogopa haukufanya lolote. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Lini?"

"Jumamosi."

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

Akahesabu kwa vidole juu ya blanketi. "Siku zote hizo," akasema, "nilikuwa nakunywa chai."

Kisha akauliza, "Na ile simu ya asubuhi?"

"Alikuwa Kuldip. Jagat alikuwa ameagiza umfungie gongo."

Alifumba macho. Nilidhani sasa ndipo atalia, na nilitaka alie, nilitaka anitukane kwa sauti ile aliyomtukania Jagat. Alipofumbua aliuliza tu, "Nani alilifunga?"

"Halikufungwa, Mzee."

Akaomba nimsaidie kusimama. Alitembea mpaka chumbani kwake akishika ukuta, akafunga mlango taratibu.

Jumapili iliyofuata wazee sita walikuja kutoka Southall kumpa pole. Walijaza sebule, wakaleta jalebi na ndizi za kukaanga, wakamsimulia mazishi yote. Mzee aliwasikiliza vizuri, akawashukuru mmoja mmoja. Kisha yule aliyekuwa mwamuzi akamuuliza, "Wambua, tumalize ubishi. Lile goli, mpira uliruka au Jagat alipiga goti?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai. Nilijua kwamba anajua. Alishaniambia mara kumi, na kila mara alinionyesha kwa kidole kwenye zulia mahali shimo lilipokuwa.

"Sikumbuki," akasema.

Wakatazamana kwa huzuni, wakafikiri ni uzee. Hawakumuuliza tena, siku ile wala siku nyingine. Nami sikuwa na haki ya kuusema ukweli ule, haukuwa wangu.

Aliishi miaka miwili zaidi. Hakunichukia, mwanangu, na ingekuwa rahisi kama angenichukia. Alinisalimu kila asubuhi, alikunywa uji wangu, aliniombea nilipopata mimba. Lakini hakunieleza tena jambo lolote la moyoni mwake. Nikimuuliza amelalaje, alisema, "Vizuri." Nikimuuliza kama anaumwa, alisema, "Niko sawa." Ilikuwa adabu tupu, kama ya mgeni katika nyumba ya watu asiowajua.

Siku moja nilipokuwa namvalisha shati nilimwona akikunja uso mkono wake wa kushoto ulipopita kwenye tundu la bega. Nikauliza. Niko sawa, akasema. Baada ya siku nne tulimpeleka hospitali kwa gari la wagonjwa, na daktari akatuambia kwamba maumivu kama yale hayaanzi leo, lazima alikuwa nayo wiki nyingi. Mumbua alilia, akamwinamia kitandani. "Baba, kwa nini hukutuambia?"

Mzee Wambua alimgusa shavu. Sauti ilikuwa imebaki kidogo.

"Sikutaka kuwashtua," akasema.

Hakuwa anatulipiza kisasi, ningejua. Alikuwa anatutunza vile vile tulivyomtunza sisi. Alikufa kabla ya mwezi kwisha.

Sasa nisikilize, maana sijakukalisha hapa kwa ajili ya hadithi ya watu waliokufa zamani. Msiba ni mali ya mfiwa. Ukimficha hujamwondolea, umemwibia siku zake za kulia, na kazi ya mikono yake, na nafasi yake ya kusimama pale watu wanaposimama. Mgonjwa si mtoto, wala mzee si mtoto. Mkaribie, mshike mikono, mwambie mapema na kwa maneno mafupi, kisha usiondoke. Akianguka, uwepo wa kumdaka. Desturi yetu ya kubeba habari polepole ni nzuri, sitaki uitupe; lakini ilikuwa polepole ya saa chache, ya njia ya kutoka barabarani mpaka uani. Haikuwa ya kumfungia mtu mlango. Na ukimfungia, jua kwamba naye atajifunza kufunga wake, na siku utakayotaka kuingia hutaingia.

Tangu Jumatatu, mwanangu, simu yangu haionekani. Mnaniambia imepelekwa kutengenezwa. Jana nilipoingia jikoni, wewe na dada yako mlinyamaza, na mmoja wenu akafungua bomba la maji. Dada yangu Atieno hajanipigia kutoka Kisumu siku ya nne leo, hata kwa simu zenu, na yeye hawezi kulala bila kunigombeza.

Najua mnanionea huruma, na kifua changu hiki mmesikia madaktari wakikisema. Siwalaumu, nilikuwa ninyi. Mungu akupe kinywa chenye upole na chenye ujasiri pamoja. Akupe watu watakaokaa karibu nawe siku yako ikifika, wasikudanganye. Akujalie usije ukaambiwa "niko sawa" na mtu unayempenda.

Vuta kiti. Nipe mikono yako, hivi. Niambie, na unitajie siku ya maziko, ili tujue kama ndege bado itanifikisha.